Miaka Saba Iliyobaki Daftarini

Watoto wa shule ndio waliompa jina la Bi Sindano, na wala si kwa ukali wake, ingawa ukali anao. Kwa zaidi ya miaka arobaini amewashonea sare katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ya kukanyaga ikiwa chini ya dirisha, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, pini zimebanwa kwenye kona ya mdomo. Anaweza kumpima mtoto, kumgombeza kwa kukua upesi na kumwambia mama yake siku ya kuja kuchukua nguo, yote hayo bila kutoa pini hata moja. Sketi zake huwa na pindo pana kwa ndani, la kuachilia mtoto anaporefuka, na wazazi wengi wanampendea hilo.

Mumewe alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu kabla hakijaingia mtamboni: vitabu vya shule, kalenda, kadi za mwaliko, hata vikaratasi vya maelezo ya dawa. Wenzake walimwita Nukta na jina likamfuata mpaka nyumbani. Alipostaafu, kusoma hakukustaafu naye. Mpaka leo husimama dakika nzima mbele ya kibao cha duka, kisha akaingia ndani kumweleza mwenye duka, kwa upole, kwamba mchele hauandikwi kwa "sh". Kuna mwaka aliwarudishia watu kadi yao ya mwaliko wa harusi ikiwa na wino mwekundu sehemu nne. Siku ya harusi walipokelewa, lakini walipewa viti vya nyuma kabisa, karibu na jenereta.

Walikuwa na binti mmoja, mwalimu wa hesabu wa sekondari, ameshaolewa na ana kwake. Maisha yao yalikuwa ya amani, kwa maana kwamba waligombana kwa mambo madogo tu. Ila Bi Sindano alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa namba.

Ilianza hivi. Nukta alipomchumbia alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Yeye alikuwa na ishirini na tisa, ana cherehani yake na wateja wake, na watu wa kwao walikwisha kuacha kumuuliza habari za kuolewa. Mama yake Nukta alikuwa mtu wa kukagua wachumba wa wanawe kama anayenunua nazi, anagonga na kusikiliza. Siku ya kwanza kumwona msichana, hata chai haijamiminwa, akamuuliza ana umri gani. Bi Sindano hakuwa amepanga kusema uongo. Alifungua mdomo, ulimi ukateleza, akajisikia anasema ishirini na miwili. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika na chai ikamiminwa.

Baada ya hapo hakukuwa na kurudi nyuma. Alipokwenda kutafuta kitambulisho, siku hizo karani alikuwa anaandika unachomwambia, naye akamwambia mwaka unaoafikiana na ile chai. Akaona pia aache jina la bibi yake alilopewa utotoni, jina ambalo hakulipenda hata siku moja, akaandikisha lile aliloitwa na wenzake. Kwa hiyo kwenye karatasi zote za serikali akawa mtu mwingine kidogo, mdogo kwa miaka saba.

Karatasi zote isipokuwa moja. Siku ya kufunga ndoa kwa msajili, baba yake, seremala aliyekuwa hajui kudanganya mbao wala mtu, alitoa kwenye mfuko wa koti kadi ya kliniki ya kuzaliwa kwa binti yake, akaiweka mezani kabla hajaombwa. Msajili akanakili kila kilichokuwemo, jina la bibi na mwaka wenyewe. Umri wa bibi harusi: ishirini na tisa. Mama mkwe, kwa bahati, alikuwa amekaa nje barazani kwa sababu miguu ilimvimba. Zamu ya bwana harusi kutia saini ilipofika, Bi Sindano akainamia daftari kana kwamba anastaajabia mwandiko, akaweka kidole gumba juu ya ile namba. Nukta akatia saini. Wakatoka, watu wakapiga vigelegele.

Cheti alikitunza mwenyewe, yaani alikishonea ndani ya mto. Miaka kumi baadaye, wakati wa kuhama nyumba, mto ule ulikutwa na kunguni, ukachomwa moto pamoja na takataka nyingine. Bi Sindano aliusimamia ule moto mpaka ukazimika, akalala usingizi mzuri.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Bi Sindano ilikwenda miaka arobaini na moja, na njia yote hiyo ilikuwa na miiba yake. Mtu wa miaka sabini anayejiita wa sitini na mitatu hasifiwi na mtu. Angejulikana kuwa ana sabini, wangesema amejitunza. Badala yake alisikia akina mama wakinong'ona nje ya dirisha lake: maskini, cherehani imemmaliza, sitini na mitatu tu, muone. Naye akakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Basi mwaka jana Nukta alistaafu, na ofisi ya bima ya afya ikaleta barua. Kila mstaafu anayetaka mwenzake abaki kwenye kadi alete cheti cha ndoa kabla ya mwisho wa mwezi, asiyeleta mwenzake ataondolewa. Nukta aliisoma barua mara mbili, akapata kosa moja la nafasi, kisha akasema jambo ni rahisi. Cheti kiliungua, lakini daftari lipo kwa msajili wa ndoa pale makao ya wilaya. Mtu anajaza fomu, wanatafuta, wanatoa nakala yenye muhuri. Atakwenda Jumatatu.

Bi Sindano alisema goti la mumewe halifai kwa safari ya namna hiyo, atakwenda yeye mwenyewe.

Na kadi ya bima aliihitaji kweli. Jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, daktari alishampa tarehe ya upasuaji, na kutunga uzi kwenye sindano kulikuwa kumegeuka kazi ya kubahatisha. Kwa hiyo alikwenda. Si kwamba hakwenda.

Ofisi ya msajili ilikuwa mwisho wa korido ya chini, baada ya mlango wa vipimo vya ardhi na mlango mwingine uliokuwa haufunguki. Nje kulikuwa na benchi lililong'aa kwa kukaliwa. Dirisha la kuhudumia watu lilikuwa na tundu la duara lililotobolewa chini mno, ikabidi kila mwenye shida aongee ameinama, hata mwenye cheo. Ndani zilionekana rafu za chuma na madaftari makubwa yaliyofungwa bendeji za kitambaa mgongoni kama wagonjwa. Ukutani palibandikwa tangazo: "Kumbukubu za ndoa ni za umma." Bi Sindano alishukuru kwamba mumewe hakuja. Wangelala pale.

Karani alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, mtulivu kama mtu aliyekwisha kuona ndoa za kila aina. Bi Sindano akainama, akamsalimia, akaanza kwa kusema kwamba anauliza kwa niaba ya jirani yake.

"Jirani ana shida gani, mama?" karani akauliza.

Jirani, Bi Sindano alieleza, anataka nakala ya cheti chake, ila angependa isiwe na umri. Umri wa nini kwa watu waliokwisha kuzeeka.

"Hatupunguzi wala hatuongezi," karani akasema. "Kilichoandikwa ndicho kinachotoka."

Bi Sindano akafikiri. Akauliza ni nani anaruhusiwa kuja kuomba nakala hiyo. Karani akamwonyesha tangazo kwa kalamu. Mtu yeyote. Akijua majina na mwaka, akajaza fomu, anatafutiwa. Akikosa jina la mmoja, jina la mwingine linatosha.

"Hata mama mkwe?"

"Hata mama mkwe."

Mama mkwe alikuwa amefariki miaka kumi na miwili iliyopita, na hata hivyo Bi Sindano alihisi jasho likimtoka mgongoni. Miaka yote ile alikuwa amelinda mlango, kumbe dirisha lilikuwa wazi, tena na tundu la duara. Akaomba fomu. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba, akarudi nayo nyumbani bila kuiandika hata herufi.

Kwa wiki tatu alimweka mumewe kwa maneno. Kwanza wanatafuta. Kisha karani yuko likizo. Kisha, siku aliyobanwa zaidi, akasema daftari la mwaka wao limepelekwa kujalidiwa upya. Hapo alikosea, kwa sababu habari za kujalidi vitabu zilimsisimua Nukta kuliko habari za ndoa. Aliacha kula akauliza wanajalidi kwa gundi au kwa uzi. Bi Sindano akasema kwa uzi. Nukta akafurahi sana, akasema hiyo wilaya bado ina watu wa maana.

Aliyechoka kusubiri ni binti yao. Zilipobaki siku tano mwezi kwisha alipiga simu, akaambiwa habari ya kujalidi, akauliza maswali mawili matatu ya kimwalimu, akakata simu. Jumatano, siku ambayo hana vipindi mchana, akaenda mwenyewe kwa msajili. Majina kamili ya baba yake aliyajua, mwaka wa ndoa aliujua. Karani akashusha daftari, akalipangusa vumbi, na baada ya robo saa akamwita dirishani. Ukurasa wa mia na kumi na mbili. Nakala ikaandikwa, muhuri ukapigwa. Binti aliisomea pale pale kwenye benchi, akaisoma tena, kisha akabaki ameishika mkononi mpaka mtu aliyekuwa pembeni akamuuliza kama anaumwa.

Alifika kwa wazazi wake saa kumi alasiri, chaki ingali kwenye mkono wa blauzi. Nukta alikuwa mezani na gazeti. Bi Sindano alikuwa kwenye cherehani anaunga mkono wa shati. Binti hakusalimu. Aliweka karatasi juu ya gazeti.

"Baba, huyu ni nani?"

Nukta alitafuta miwani, akaivaa, akaanza kusoma kuanzia juu kabisa: nembo, namba ya daftari, namba ya ukurasa. Hakuna aliyewahi kumharakisha kwenye kusoma. Alipofika chini akasema, "Hapa wameandika 'shaidi'. Herufi imeanguka."

"Baba."

"Nimeona, mwanangu."

Binti akaeleza kwa sauti ile ya darasani. Karatasi inasema baba alifunga ndoa na mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Mama mwaka huo alikuwa na ishirini na miwili. Jina la kwanza la huyo mwanamke si la mama, lakini jina la baba yake ni la babu yule yule seremala. Kwa hiyo mama alikuwa na dada mkubwa ambaye hakuna aliyewahi kumtaja nyumba hii. Baba alimwoa huyo. Na yeye binti alizaliwa miaka miwili na mwezi mmoja baada ya tarehe hiyo. Amepiga hesabu. Katika muda huo baba alioa dada mtu, akaachana naye au akamzika, akamchukua mdogo mtu bila cheti, na yeye akazaliwa. Aliomba tu aambiwe ukweli, maana ana miaka thelathini na minane na hajui hata kama wazazi wake walioana.

Miguu ya Bi Sindano ilikuwa imesimama juu ya pedeli. Alingoja mumewe acheke. Alingoja aseme, huyu si ndiye mama yako, jamani, mbona mnanichosha. Nukta hakucheka. Alivua miwani, akaikunja, akamtupia mkewe jicho mara moja, fupi tu. Kisha akamgeukia binti.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa na mke mwingine kabla."

Sasa, katika dunia nzima hakuna aliyejua vizuri kuliko Bi Sindano kwamba huyo mke mwingine hayupo. Hata hivyo wivu ulimpanda kama maziwa yanayochemka, na kabla hajajizuia akauliza, "Mke gani?" Pini zote zikamwagika sakafuni.

Nukta aliendelea kumtazama binti, akasema taratibu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. Alikuwa mshonaji, alisema. Siku ya ndoa alivaa gauni alilolishona mwenyewe kwa kukesha siku tatu, na pindo la nyuma hakuwahi kulimaliza, akalibana kwa pini akidhani halionekani. Alikuwa anacheka akiwa ameziba mdomo. Msajili alipowageuzia daftari watie saini, alikuja akainama, akaweka kidole gumba juu ya umri wake. Ukucha wa kidole kile ulikuwa na alama nyeusi ya sindano.

"Nami nilikwisha kuusoma ukurasa mzima wakati msajili anakausha wino," akasema. "Sijawahi kutia saini kitu ambacho sijakisoma."

Bi Sindano akakitazama kidole chake cha gumba kana kwamba ndicho kilichomsaliti.

"Akaenda wapi?" binti akauliza.

"Hilo si langu kulisema," Nukta akajibu. Akafungua gazeti.

Bi Sindano anasema mpaka leo kwamba hapo ndipo alipoona mumewe amemfichia siri mpaka mwisho wa uwezo wake. Alikuwa tayari kuonekana mhuni mbele ya mwanawe wa pekee, na angebaki hivyo mpaka kaburini, akasoma gazeti lake. Aliondoa mguu kwenye pedeli, akasimama, akaweka ule mkono wa shati juu ya meza.

"Ni mimi," akasema. "Jina ni la bibi yangu, na miaka ni yangu. Nina sabini, mwanangu."

Binti alikaa chini. Unaweza kumshtua mwalimu wa hesabu kwa mambo mengi, lakini hatakosa kupiga hesabu. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, kisha akasema, "Ile keki ya kutimiza sitini."

"Nilikuwa na sitini na saba."

"Nilikuandikia sitini kwa krimu, Mama. Nililipigia simu duka mara tatu kuhakikisha wasikosee."

"Ilikuwa keki nzuri," Bi Sindano akasema, na binti akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akaenda jikoni kutafuta maji ya kunywa.

Walipobaki wawili Bi Sindano aliinama kuokota pini. Akiwa chini pale, mahali ambapo hawezi kutazamwa usoni, akamuuliza mumewe kwa nini miaka yote arobaini na moja hakusema neno. Yeye ambaye hawezi kumwachia hata muuza mkaa kosa la herufi moja.

Nukta alifikiri. "Kazini nilifundishwa kusahihisha makosa," akasema. "Lile halikuwa kosa. Mwenyewe alitaka liwe hivyo." Halafu, baada ya kufungua ukurasa mwingine, akaongeza kwamba pia mama yake angemrudisha bibi harusi kwao siku ile ile.

Kujua ukweli ndani ya nyumba ni jambo moja, kuuthibitisha kwa bima ni jambo jingine. Daftari lilikuwa na mwanamke mmoja, kitambulisho kilikuwa na mwingine, na bima haikuwa na nafasi ya kumtibu jicho mtu wa tatu. Alhamisi wakaenda wote watatu kwa msajili. Karani alimtambua Bi Sindano mara moja, akauliza hali ya jirani yake. Bi Sindano akasema jirani amekufa.

Karani hakuuliza zaidi. Alieleza kwamba itaandikwa hati ya kiapo kuwa mwenye jina hili na mwenye jina lile ni mtu mmoja, tena Bi Sindano alete shahidi mmoja aliyemfahamu kabla ya ndoa. Kwenye hati palikuwa na mstari wa kueleza sababu ya tofauti.

"Andika mama mkwe," Bi Sindano akasema.

Karani alishika kalamu hewani kidogo, akaandika: sababu za kifamilia.

Shahidi ndiye aliyekuwa kazi. Baba yake seremala alikwisha kufariki, ndugu wengine walikuwa mbali. Aliyebaki ni shoga yake, muuza vitambaa, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Na shoga alikuwa na lake. Mtaa mzima ulijua kwamba hawa wawili walisoma pamoja, kwa hiyo Bi Sindano alipopungua miaka saba, shoga naye ilimlazimu apungue. Hakulalamika. Mume wake wa kwanza alipofariki alitumia miaka hiyo hiyo kuolewa tena, na mume wa pili mpaka leo anaamini kwamba yeye ndiye mkubwa ndani ya nyumba.

Bi Sindano alimkuta dukani kwake anakunja majora ya vitambaa, akamweleza shida. Shoga alikunja jora lote mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Wewe umeshafikishwa," akasema. "Mimi bado niko njiani."

Ilichukua chupa nzima ya chai kumlainisha. Bi Sindano alimkumbusha mengi: aliyembebea mkoba wake alipovunjika mkono, aliyemshonea gauni za harusi zote mbili, aliyekesha naye msibani. Mwishowe akazungumzia jicho. Alimwambia kwamba sare za watoto anazishona kwa kupapasa. Shoga akavaa viatu. Akatoa sharti moja tu, kwamba hatataja umri wake mwenyewe mbele ya mtu.

Sharti hilo lilikubaliwa, wakarudi kwa msajili pamoja na Nukta, ila fomu ya shahidi haikulijua. Fomu iliuliza amemfahamu mwombaji kwa miaka mingapi. Shoga, mtu wa biashara, mwepesi wa hesabu, akajibu upesi kabla hajafikiri: walianza shule wakiwa na miaka saba, basi ni miaka sitini na mitatu. Karani akaandika. Kisha akachukua kitambulisho cha shoga kunakili namba, akasita, akavaa miwani.

"Mama, unasema unamfahamu miaka sitini na mitatu," akasema, "na wewe mwenyewe hapa una sitini na mitatu."

Shoga hakupepesa jicho. "Nilizaliwa nikamkuta."

Nukta alikohoa akageukia ukutani, kwenye lile tangazo ambalo safari ya kwanza foleni ilikuwa imelificha, na hapo akaliona kosa. Wakati wanawake wawili na karani wanatazamana, yeye alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni na anaongeza ile herufi ya "m" iliyokosekana kwenye "Kumbukubu". Karani alimtazama, akamtazama shoga, akaona mchana bado mrefu na foleni nyuma yao inakua. Akafuta ile namba ya miaka, akaandika: tangu utotoni. Akapiga muhuri mara nne, kila karatasi na wake, akawaambia waende salama.

Kabla hawajaondoka Bi Sindano aliomba kitu kimoja. Aliuliza kama anaweza kuuona ukurasa wenyewe, si nakala. Karani akasema ni haki yake, kama ilivyo haki ya mtu yeyote, akalileta daftari mpaka kwenye meza ya pembeni. Saini ya seremala ilikuwa imechongwa kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Ya Nukta ilikuwa ndogo, imenyooka. Yake ilikuwa imekwenda juu juu, ya mtu mwenye haraka, na kando ya ile ishirini na tisa palikuwa na doa la wino lililofifia, umbo la kidole. Aliliangalia kwa jicho lile zima, kisha akalifunga daftari na kusema twendeni, hapa pana vumbi.

Bima ilikubali karatasi siku moja kabla ya mwezi kwisha. Kadi ikaja, jicho likafanyiwa upasuaji, bandeji ikatolewa. Jambo la kwanza aliloliona vizuri ni kwamba sketi alizoshona mwaka ule mzima zilikuwa na mapindo yaliyopinda. Alikasirika kweli kweli, akatuma habari shuleni zirudishwe, akazifumua moja moja. Nukta alikiri kwamba alikuwa ameziona.

Habari za umri zilienea mtaani bila kusambazwa na mtu, kama zinavyoenea. Na hapo ndipo lilipotokea la jirani wa mkono wa kushoto, mkunga mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na sita anayejiheshimu sana. Tangu ahamie hapo, miaka ishirini, Bi Sindano alikuwa akimwamkia kila asubuhi. "Shikamoo, dada," juu ya ukuta, na mkunga akiitikia marahaba huku anaendelea kumwagilia maua. Hesabu rahisi ilionyesha kwamba salamu elfu nyingi zilikuwa zimekwenda njia siyo.

Kwa siku tatu mkunga hakuonekana nje. Maua yalianza kunyauka. Siku ya nne ilimbidi atoke na ndoo. Bi Sindano alikuwa ameshasimama upande wake wa ukuta, mikono imekunjwa, hana haraka. Walitazamana. Mkunga alimwagilia ua la kwanza, akamwagilia la pili, akajifanya anang'oa majani ambayo hayakuwepo. Mwishowe, bila kuinua uso, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu, akasema shikamoo.

Bi Sindano aliacha ikae kidogo.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema. "Umeamkaje?"

Mkunga akasema ameamka salama, ila maji hayatoki tangu jana. Bi Sindano akamwambia alete ndoo, kwake yanatoka.